Mama Parsele na Manyoya Yaliyochakaa

Siku tuliyokwenda kutafuta nyumba ya kupanga, mimi na mume wangu tulimkuta mwenye nyumba amelala kifudifudi kwenye matope. Lango lilikuwa wazi. Tulipiga hodi, hakuna aliyeitika. Tulipochungulia tukaona mama mtu mzima, kitenge amekifunga juu ya suruali, buti za mpira miguuni, uso karibu uguse ardhi. Hasogei hata kidole. Mume wangu ni mwalimu, amezoea watoto wanaozimia mstarini asubuhi. Alitupa mfuko wake chini, akakimbia, akamshika yule mama mabega ili amwinue. Papo hapo tope lote likaruka: vipepeo wa manjano na weupe waliokuwa wametua pale wakatawanyika, wakapita juu ya ukuta, wakaenda.

Yule mama aligeuka. Tope hadi kidevuni, kamera mkononi.

"Weye ni nani?"

"Tunatafuta nyumba, mama. Nilifikiri umeanguka."

"Nimeanguka! Tangu asubuhi ninangoja. Banakuja moja moja kama batu ba misa ya kwanza, halafu weye unakuja kuniokoa!"

Mume wangu alianza kuomba radhi kwa Kifaransa, kama afanyavyo akitishika. Mama alimtazama toka juu hadi chini, kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kutikisa mabega.

"Haya. Mutu mwenye anakimbilia mutu ameanguka, huyo anaweza kukaa kwangu. Ila kesho usiniokoe tena."

Ndivyo tulivyopata nyumba, na tukaishi humo miaka mingi, si mbali na soko la Birere mjini Goma, ambako nilikuwa nauza vitenge. Sisi wapangaji tulimwita Mama Parsele kwa sababu parsele ile, kiwanja kizima, ilikuwa yake: nyumba yake ya mbao mbele, vyumba vyetu nyuma vimejipanga kando ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, mparachichi mmoja, mipera miwili, na mstari wa migomba ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikata majani bila kumwuliza.

Habari za utoto wake sikuwahi kuzifuatilia. Nilijua tu kwamba ni mtu wa upande wa Bukavu, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima kwa dhati, na kwamba maisha yake ya kazi alikuwa sekretere kwenye ofisi moja ya usafirishaji, akipiga mashine barua za wengine. Alipostaafu, wakubwa wake walimwuliza anataka zawadi gani. Walitegemea aseme friji. Akasema kamera. Siku moja nilimwuliza kwa nini.

"Miaka yote niliangalia mashine," alinijibu. "Nikataka mashine yenye inaangalia inje."

Lakini hakuwa mpiga picha wa kila siku. Ndege wakianza kujenga, yeye anapika, anasali, anagombana na wauza mkaa. Wakitaga, hata hawasogelei. Kamera ilitoka kabatini mvua zilipokuwa zinaisha, vifaranga wako tayari kutoka, wazazi wao wamechoka kabisa, na vipepeo wa msimu ule mabawa yamepasuka pembeni kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Wengine wangependa kupiga picha mwanzoni, rangi zikiwa mpya. Yeye alikataa.

"Pale mwanzo kila ndege eko muzuri," alisema. "Bwana harusi yeyote anapendeza. Mwisho njo unajua nani alifanya kazi."

Majina yao hakuyajua, wala hakuona haya. Aliwapa yake. Kunguru mwenye kola nyeupe aliitwa Abe, kwa sababu alitembea uani kama padri anayekagua ujenzi wa parokia. Chozi, yule ndege mdogo anayening'inia kwenye maua, alikuwa Fundi Saa. Nyamanza, yule mweusi na mweupe anayetingisha mkia, ambaye kwetu Masisi hakuna mtu anayethubutu kumwua, alimwita Sekretere: "Angalia mukia wake. Anapiga mihuri siku yote." Mara moja alikuja kijana wa chuo kikuu anayesomea wanyama, akakaa naye mchana mzima akimtajia majina ya kisayansi. Mama alisikiliza kwa heshima kweli, akayarudia moja moja kama katekisimu, akampa parachichi za kwenda nazo. Kijana alipoondoka nikamwuliza amebaki na jina gani.

"Ni mazuri sana yale majina," alisema. "Lakini ukimwita nayo, haitiki."

Kuishi naye hakukuwa rahisi, nisije nikamfanya malaika. Kwa ndege alikuwa na subira ya jiwe. Kwa watu hakuwa nayo hata ya kuchemsha chai. Ukimweleza jambo na ukachelewa kufika mwisho, anakumalizia mwenyewe, na mara nyingi anakosea. Kodi akija kuidai, anasimama mlangoni hataki kukaa, kisha anakaa hadi jioni. Na maji! Goma iko mdomoni mwa ziwa lakini maji tunayapata kwa bidon, yale madumu ya plastiki, mgongoni au kwenye baiskeli, na kila tone lina jasho la mtu. Mama Parsele alitufokea tukimwaga maji ya kuoshea sahani. Halafu asubuhi tunamwona yeye mwenyewe anamimina bidon nzima chini, karibu na migomba, ili tope lisikauke, kwa kuwa vipepeo hupenda kunyonya unyevu wa tope.

Wala maji hayakutosha. Aligundua kwamba vipepeo hupenda chumvi, na chumvi iko kwenye mkojo. Akawaita watoto wote wa parsele.

"Kuanzia leo, batoto, mukitaka kukojoa, ni hapa. Si kule kwenye ukuta. Hapa."

Watoto waliona ni heshima kubwa. Walikimbia kutoka mtaani wakijibana, wakiwapita wenzao, ili wasipoteze bure. Mume wangu alikasirika. Alisema nidhamu anayoijenga shuleni mwaka mzima Mama Parsele anaibomoa kwa wiki moja. Alikwenda kumwambia. Akarudi na picha ya kipepeo wa buluu iliyochapishwa kule labo ya picha ya Birere, kubwa kama daftari, akaitundika darasani kwake. Hakulizungumzia tena.

Mwanzoni mwa kiangazi hata misa aliikosa. Padri wa parokia alikuja kumtembelea, akamkuta kwenye kiti kidogo chini ya mpera.

"Mama, Jumapili mbili hatukuoni."

"Padri, nina komunyo ya kwanza hapa," akanong'ona, akimwonyesha tawi ambako vifaranga walikuwa wanalishwa. "Kaa. Ila usihubiri."

Padri akakaa. Na usidhani kwamba upendo huo ulimzuia kula kuku. Alikula hadi shingo. Nilimtania, "Mama, kuku naye si ndege?" Akafuta midomo. "Kuku ni chakula chenye kinatembea," akasema.

Nikikumbuka ugomvi wa parsele ile, nakumbuka ule wa sanduku la umeme. Lilikuwa limefungwa kwenye ukuta wetu wa nyuma, chini ya mabati, na Sekretere, yule nyamanza, na mumewe walikuwa wamejenga kiota nyuma yake. Mafundi wa umeme walifika asubuhi kubadilisha sanduku lile kwa sababu lilikuwa limezeeka na linatoa cheche. Walikuwa wameshakata waya kutoka kwenye nguzo. Mmoja aliweka ngazi, akapanda, na Mama Parsele akaishika ngazi kwa chini.

"Shuka, papa."

"Mama, ni kazi ya dakika kidogo tu."

"Na bitoto?"

"Bitoto gani?"

"Bile biko nyuma ya mukono wako."

Fundi alichungulia. Midomo ya njano ikafunguka mbele ya pua yake. Nusura aanguke. Alishuka, akacheka kidogo, lakini akasema wazi: leo wakiondoka bila kufunga sanduku jipya, waya haurudishwi, na hajui watapita lini tena. Mama Parsele akasema vizuri, mupite wiki ijayo. Wakakusanya ngazi yao wakaenda, na sisi wote wa nyuma tukabaki bila umeme.

Hapo akatoka Mama Jus. Huyu alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, mjane mwenye sauti ya sokoni, aliyelea watoto wake kwa kuuza juisi ya maracuja na nanasi. Friji ndiyo iliyokuwa shamba lake.

"Mama Parsele! Jus yangu itaoza. Hao ndege njo batanilishia batoto?"

"Hapana."

"Basi ju ya nini unanifanyia hivi?"

Sisi wengine tulikuwa tumetoka, tumesimama milangoni. Kusema kweli, nilikuwa upande wa Mama Jus. Sote tulikuwa upande wake. Mama Parsele alitutazama mmoja mmoja, akajua. Nilidhani atafoka, aseme parsele ni yake, asiyetaka ahame. Akainama, akavua buti, akaziweka kando ya mlango wa Mama Jus, kama mgeni anayetaka kuingia.

"Nyumba yangu iko na umeme wa upande mwingine," alisema. "Leteni hiyo friji kwangu, muiweke salo."

Tuliibeba watu wanne. Ikawekwa chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, kati ya viti vyake vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, ambavyo sisi wapangaji tulikuwa hatujawahi kukalia. Kuanzia siku hiyo wateja wa juisi walipitia sebuleni kwa Mama Parsele. Madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, waliingia na vumbi lao. Wanafunzi waliketi wakinywa. Friji ilinguruma hata Mama Parsele asisikie habari redioni. Mama Jus akienda kununua matunda, Mama Parsele mwenyewe alihudumia, vibaya kabisa: alimpa kila mtu juisi asiyoiomba, na akiona mteja amechelewa kuchagua, anamchagulia. Ajabu ni kwamba biashara haikufa. Watu walikuja kumwona mama anayeuza juisi kwa hasira na kutazama picha za vipepeo zilizojaa ukutani. Jioni niliwasikia wawili wale wakicheka ndani, Mama Jus akisema, "Weye hapana, huwezi biashara, unagombanisha batu na kiu yao!"

Asubuhi vifaranga walipotoka, Mama Jus ndiye aliyetuamsha. Alikuwa amekwenda kufagia akaona mmoja amesimama ukingoni mwa sanduku. Tulitoka sote, na kanga mabegani, na watoto hawajanawa uso, tukasimama kama watu wanaongoja bibi harusi atoke. Mama Parsele alikuwa mbele, kamera shingoni. Wa kwanza aliruka akafika kwenye mipera bila shida. Wa pili alikwenda nusu, akakata tamaa hewani, akatumbukia kwenye beseni langu la nguo. Mume wangu akamtoa na kumweka juu ya ukuta, na tukamwimbia mume wangu kwamba hatimaye ameokoa aliyeanguka kweli. Wa tatu alikataa. Mama yake alimwita kutoka kwenye mabati, mkia unapiga mihuri, mdomoni amebeba mdudu ambaye hampi. Kisha kile kitoto kikajitupa, na Mama Jus akapiga kigelegele, na sisi sote tukafuata.

Kelele zilipotulia nikamwuliza Mama Parsele kama picha imetoka vizuri. Alikuwa anapiga makofi bado. Aliitazama kamera kifuani kwake kana kwamba mtu amemtundikia wakati hajui.

"Yesu Maria," akasema. "Nilisahau."

Mafundi walirudi wakafunga sanduku. Friji ilirudi chumbani, lakini Mama Jus aliendelea kwenda kukaa kwenye viti vile vya vitambaa vyeupe.

Mwanetu Furaha alizaliwa mwaka uliofuata, na kuzaa kwangu kulikuwa kugumu. Nilirudi kutoka hospitali nimekonda, nywele zinatoka kwa mafungu, mwili umekuwa wa mtu nisiyemjua. Wanawake walikuja na zawadi na kuniambia nimependeza, nami nililia kila walipotoka. Mama Parsele alikuja bila zawadi na bila pole. Alikaa kitandani, akanipa picha. Ilikuwa nyamanza, mama, mwisho wa msimu. Mkia umebaki manyoya mawili. Kifua kimetoka upara. Mdomo umejaa wadudu hadi haufungiki.

"Unamuona mubaya?"

Nilimtazama yule ndege kwa muda mrefu. "Sijui, Mama."

"Mimi minamuona muzuri kupita bote. Manyoya yatarudi. Yanarudi kila mwaka." Akanyanyuka. "Na weye ule. Nimepika sombe, iko kwa Mama Jus."

Picha ile ninayo mpaka leo, juu ya kitanda, huku tunakoishi sasa.

Halafu kuna siku zile milio ya bunduki na mabomu ilipoingia mjini. Sitazisimulia zote, kila mtu wa Goma ana zake, na yangu si kubwa kuliko ya jirani. Tulikaa sakafuni kwenye korido ya Mama Parsele, kwa kuwa ndiyo ilikuwa mbali na madirisha, wapangaji wote na watoto wote. Mchana ule mabati yalitetemeka. Furaha, aliyekuwa na umri wa kuuliza kila kitu, aliacha kuuliza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mama Parsele alitambaa hadi chumbani, akarudi na kamera. Aliwasha kioo chake kidogo, akawaita watoto karibu, vichwa vikagusana.

"Huyu ni nani?"

"Abe," watoto wakanong'ona.

"Anaenda wapi?"

"Parokia."

Akapita picha moja baada ya nyingine, polepole, akisimulia ugomvi wa ndege na ndoa zao na deni lao la nzi. Mlio ukija karibu, anasimama, anangoja, kisha anaendelea pale pale alipoachia neno. Baadaye betri ikaisha. Kioo kikawa cheusi. Watoto wakamtazama. Yeye akaendelea kukishika vile vile mbele yao, akibonyeza kitufe, na kusema, "Haya, na huyu? Huyu ni ule kipepeo mwenye bawa moja imepasuka, munamukumbuka?" Na watoto wakasema wanamwona. Furaha akauliza, "Eko anaogopa?" Lilikuwa swali lake la kwanza siku ile.

"Anaogopa," alisema Mama Parsele. "Anaogopa na anakula. Angalia, anakula."

Mume wangu alipopata kazi kwenye shule ya Rutshuru, tulihama. Mama Parsele hakutoka kutuaga. Alisema ana kazi kwenye mipera. Mama Jus alituambia baadaye kwamba hakuna kazi yoyote iliyofanyika siku ile.

Mwaka huu, maharagwe yakiwa yanavunwa, alinipigia simu: mtoto wake wa ubatizo anaolewa Rutshuru, atashinda kwangu kesho yake. Alishuka kwenye basi dogo akiwa na bandeji juu ya jicho la kulia. Alikuwa amefanyiwa operesheni ya jicho, na daktari alimkataza kusafiri. Nilianza kumlaumu. Akanikatiza, kama kawaida.

"Mupiga picha anatumia jicho moja. Hili lingine lilikuwa linakula bure."

Alikuwa amepungua. Mkono niliomshika ulikuwa mwepesi. Lakini hakutaka kupumzika. Aliuliza kama kuna mto. Nikainjika maharagwe jikoni, nikamwachia Furaha aangalie moto, nikampeleka hadi kijito kinachopita chini ya mashamba yetu. Tulikwenda taratibu, yeye ameshika bega langu. Pale kwenye ngema kuna matundu ya wala-nyuki, wale ndege wa kijani wenye kifua chekundu kilichoiva, na watoto wao walikuwa wametoka. Walijipanga kwenye tawi kavu juu ya maji, wamebanana bega kwa bega, wanangoja kulishwa ingawa ni wakubwa kama wazazi wao.

"Bako bangapi?" aliuliza. "Minaona tawi limenenepa tu."

Nikamwambia wako wengi, na mmoja pembeni mkia umekatika, labda ndiye mama. Akatabasamu. Akainua kamera, akaiegemeza kwenye bega langu. Nilisikia pumzi yake sikioni.

Juu ya maji alikuwa anapita kipepeo, mkubwa, mweusi mwenye madoa ya buluu, bawa moja limeliwa pembeni. Alipita polepole, akijitahidi. Nami nilijua Mama amemwona, kwa sababu alisema kwa sauti ndogo sana, "Ona weye. Ona weye, muzuri." Na wakati huo huo yule ndege wa mkia uliokatika akaruka kutoka kwenye tawi. Sikuwahi kufikiri kwamba ningeona kitu kile nikiwa naye. Ndege alimdaka kipepeo hewani, akarudi naye, akampiga kwenye tawi, paa, paa, mabawa yakachomoka. Kamera ililia sikioni mwangu. Ndege akageuka akamtia kinywani mwa mtoto wa karibu. Mabawa mawili yakashuka yakizunguka, yakagusa maji, yakaenda.

Sikuthubutu kumtazama. Nilijua jinsi alivyowapenda vipepeo, na jinsi alivyowapenda ndege, na sikujua jicho lile moja lililobaki litakuwa upande gani. Kamera haikutoka begani. Bega langu likaanza kuuma.

"Pole, mama," akasema mwishowe, akiyaelekea yale maji yaliyochukua mabawa. Kisha akageukia tawi. "Na weye, kula. Kula sana, ukue."

Akashusha kamera, akaivuta kamba yake shingoni, akashika mkono wangu kwa nguvu.

"Mama Furaha."

"Bee, Mama."

"Ulisema maharagwe yako iko ku moto? Twende. Minasikia njaa sana."